Mama yuko chini ya msimamizi wa mahakama California, mimi ndiye ninayekaa naye. Nina haki zipi?

bintiwapwani:

Habari za humu. Naomba wanaojua sheria za California wanieleweshe.

Mama ana miaka 78, ana dimenshia, yuko nyumbani kwake San Diego. Naishi naye. Kumlisha, kumwogesha, dawa, kliniki, yote ni juu yangu kwa miaka minne. Mahakama imemteua kaka yetu mkubwa kuwa konsaveta, yaani msimamizi wake wa mwili na wa mali. Kaka anakaa Fresno.

Sasa kaka ametoa maneno matatu. Kwanza, mwezi ujao mama anapelekwa makao ya wazee na nyumba inauzwa. Pili, mama mdogo asikanyage tena pale nyumbani. Tatu, mimi kisheria si lolote si chochote. Kuna pia kiwanja cha mama huko Kilifi ambacho anasema sasa ni chake kukisimamia.

Maswali: mtunzaji ana haki gani hapo? Naweza kulipwa? Kazini nimeshapunguza saa mpaka naogopa kuitwa ofisini.

---

Karani wa Zamani:

Dada, tuanze na lile gumu kumeza. Kumtunza mzazi, hata kwa miaka kumi, hakukupi mamlaka juu yake katika sheria ya California. Hapo kaka yako yuko sawa. Alipoteleza ni pale anapodhani kwamba kwa kuwa wewe huna mamlaka, basi yote anayo yeye. Msimamizi ana yale tu yaliyoandikwa kwenye amri ya mahakama na kwenye sheria iitwayo Probate Code. Yaliyobaki ni ya mama mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kubishana naye kwenye simu, nenda kwa karani wa kitengo cha mirathi na usimamizi katika mahakama ya kaunti, uchukue nakala ya karatasi mbili: fomu GC-340, ambayo ndiyo amri ya uteuzi, na GC-350, ambayo ndiyo barua ya usimamizi anayoionyesha benki na hospitali. Hizi si siri. Zisome kisanduku kwa kisanduku. Vinavyokuhusu ni hivi:

Kisanduku cha matibabu. Kama mahakama haikutamka kwamba mama hawezi kuamua matibabu yake, basi ridhaa yake bado inahesabika na daktari anapaswa kumuuliza yeye. Na kama mama aliwahi kusaini wosia wa matibabu akamtaja mtu wa kumwamulia, mamlaka ya msimamizi yanakwenda chini ya karatasi hiyo. Itafuteni kwenye makabati.

Kisanduku cha dimenshia. Kumweka mtu kwenye jengo lenye milango ya kufungwa kwa namba ya siri kunahitaji ruhusa ya pekee (kifungu 2356.5), inayotolewa baada ya daktari au mwanasaikolojia kujaza GC-335 pamoja na kiambatisho chake GC-335A. Wengi hudhani uteuzi wa kawaida unatosha. Hautoshi. Kama kisanduku hicho ni cheupe, kaka anaweza kuzungumzia makao ya wazee ya kawaida, lakini ile wodi ya kufungiwa hana mamlaka nayo mpaka arudi mahakamani.

Kisanduku cha wageni. Kifungu 2351 kinasema wazi kwamba udhibiti wa msimamizi haufiki kwenye haki ya mama kupokea wageni, simu na barua zake binafsi, isipokuwa mahakama yenyewe imeiwekea mipaka kwa amri. Nyongeza hiyo ilianza kutumika 2016. Basi kama amri haitaji wageni, lile katazo kwa mama mdogo ni neno la kaka tu, halina nguvu. Ila angalia mwenye haki ni nani: ni mama. Siku akisema mwenyewe hataki kumwona mtu, hakuna wa kumlazimisha.

Sasa makao ya wazee. Kifungu 2352.5 kinachukulia kwamba nyumba aliyokuwa akiishi mama kesi ilipoanza ndiyo mahali panapombana kidogo zaidi na panapomfaa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kumhamisha kutoka hapo kunadai taarifa ya GC-079, itumwe angalau siku 15 kabla ya kuhama. Baada ya kuhama anatakiwa awasilishe GC-080 ndani ya siku 30. Kumtoa nje ya jimbo la California ni mpaka mahakama iruhusu kwanza.

Hapa ndipo watu hupotelea: GC-079 ni taarifa tu. Hakuna jaji anayekaa kuisoma na kuitisha kikao. Zile siku 15 zipo ili anayepinga apinge, na anayepinga ni wewe. Bahasha ikikaa mezani wiki mbili, mama kashahama.

Kuuza nyumba ni habari nyingine kabisa. Makazi ya msimamiwa, ya sasa au ya zamani, hayauzwi bila idhini ya mahakama. Msimamizi lazima aeleze kwa nini, na aonyeshe kwamba alizungumza na mama juu ya jambo hilo. Maneno ya «mwezi ujao» kwa nyumba ni ya mtu ambaye hajakaa na wakili wake.

Jambo la kufanya wiki hii, kabla ya jingine lolote: jaza DE-154/GC-035, ombi la kupewa taarifa maalumu (kifungu 2700). Likishawasilishwa, kila ombi la kuuza mali, orodha ya mali na hesabu inabidi na wewe uletewe nakala. Tia alama kisanduku cha taarifa zote, usichague moja moja. Nakala ipelekwe kwa msimamizi au wakili wake, na ile sehemu ya uthibitisho wa kupeleka ijazwe na kusainiwa na mtu mzima mwingine. Halafu fomu ifike kwa karani. Makosa ni yaleyale kila siku: mtu anapeleka nakala kwa ndugu yake, fomu yenyewe haijafika mahakamani. Au anahama nyumba, habadilishi anwani, taarifa zinakwenda kwa mpangaji mpya.

Orodha ya mali hutakiwa ndani ya siku 90 tangu uteuzi, na hesabu ya kwanza baada ya mwaka mmoja, kisha angalau kila miaka miwili. Hesabu huja na taarifa za benki. Usipoijibu kwa maandishi kabla ya kikao, au kufika siku ya kikao, jaji ataona hakuna pingamizi na atapitisha.

Na usimsahau mchunguzi wa mahakama. Humtembelea msimamiwa katika mapitio ya vipindi, na sheria inataka aende bila kumwarifu msimamizi mapema, labda mahakama iseme vingine. Ripoti yake ni siri kwa umma, lakini watoto wa msimamiwa wamo kwenye orodha ya wanaotumiwa nakala, isipokuwa jaji akizuia. Mpigie sasa hivi, mpe namba yako na mwambie wewe ndiye unayekaa na mama. Usimwage ugomvi wa ukoo. Mweleze mama anakula nini, analala wapi, ameanguka mara ngapi.

---

Mama Shufaa:

Karani kamaliza upande wa mahakama. Mimi nichukue upande wa malipo na kazi.

Malipo kwanza. Kama mama ana Medi-Cal, yaani bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kuna programu ya IHSS ambayo humlipa mtu wa kumhudumia nyumbani, na mtoto wake anaruhusiwa kuwa huyo mtu. Maombi ni SOC 295. Kwa kuwa mama ana msimamizi, saini inayotakiwa ni ya kaka, na hapo ndipo utamhitaji hata kama hamsemezani. Daktari hujaza SOC 873, na ikipita siku 45 haijarudi, maombi hukataliwa. Wewe kama mtoa huduma utajaza SOC 426, utachukuliwa alama za vidole kwa gharama yako, utahudhuria mafunzo ya kuingia na kusaini SOC 846.

Kiwango cha juu ni saa 283 kwa mwezi. Kwa mtoa huduma mmoja mwenye mgonjwa mmoja hiyo inakuja kama saa 70 na dakika 45 kwa wiki, na zinazozidi 40 hulipwa moja na nusu. Lakini hakuna anayefika huko kwa kuhesabiwa kuoga na kupika peke yake. Wanaofika ni wale ambao mgonjwa wao amepewa saa za uangalizi wa kumkinga na madhara, na hizo zinahitaji SOC 821 kutoka kwa daktari.

Fomu hiyo ndiyo inayowaangusha watu wengi, maana daktari anaandika «anahitaji msaada muda wote» akidhani amesaidia. Fomu inauliza mambo matatu: kumbukumbu, kujua alipo na wakati gani, na kupima la kufanya. Inabidi daktari aonyeshe kwamba akili imepungua katika hayo, na kwamba mgonjwa ana uwezo wa mwili wa kujidhuru bila kujua. Mtu aliyelala kitandani hawezi kuinuka hapewi saa hizi, hata akili iwe imeondoka yote, kwa sababu hawezi kutoka nje au kuwasha jiko. Basi usiende kwa daktari mikono mitupu. Nenda na daftari.

Daftari liwe hivi: tarehe, saa, alichofanya, ulichofanya. «3 Machi, 2:40 a.m., amefungua mlango wa mbele, amevaa kanga tu, anasema anakwenda sokoni Kongowea. Nimemrudisha, dakika 25 kutulia.» «3 Machi, 11:15 a.m., ameweka sahani ya plastiki juu ya jiko la gesi, moto umewaka.» Mistari miwili kama hiyo inamshawishi afisa wa kaunti kuliko kurasa kumi za «mama anasumbua usiku».

Na nakuomba sana: andika saa kwa hesabu ya Kizungu. Tukiandika «dawa ya presha saa moja asubuhi», mfasiri asiyejua ataweka 1:00 a.m., na mbele ya jaji utaonekana unamwamsha mgonjwa usiku wa manane kumpa vidonge. Saa moja asubuhi iwe 7:00 a.m., basi.

Ukiona saa ulizopewa ni chache, ile barua ya uamuzi inakupa siku 90 kudai kusikilizwa na jimbo. Kama ni kupunguzwa saa ulizokuwa nazo tayari, dai kabla ya tarehe ya kupunguza kuanza, ili ziendelee kulipwa wakati shauri linasubiri. Anayedai ni mama, kupitia mwakilishi wake. Tena ni kaka huyohuyo.

Kwa kuwa unaishi naye nyumba moja, jaza SOC 2298 pia. Mshahara wa IHSS kwa mtoa huduma anayeishi na anayemhudumia hauhesabiwi kwenye kodi ya mapato ya serikali kuu, na fomu hii huzuia usikatwe mwanzo.

Sasa hoja ambayo kaka yako aisikie vizuri kabla ya kuuza nyumba. Tangu 1 Januari 2026 Medi-Cal imerudisha kikomo cha mali, dola 130,000 kwa mtu mmoja. Nyumba anayoishi mama haihesabiwi. Ikiuzwa, pesa benki zinahesabiwa. Medi-Cal ikiondoka, na IHSS inaondoka nayo, na makao ya wazee yanaanza kulipwa kwa hizohizo pesa za nyumba mwezi kwa mwezi mpaka ziishe. Huenda bado ana sababu ya kuuza, lakini hesabu hiyo aiweke mezani.

Kama mama hana Medi-Cal, unaweza kulipwa kutoka kwenye mali yake. Msimamizi wa mali anaruhusiwa kulipia matunzo. Muwe na mkataba wa maandishi: kazi zipi, saa ngapi kwa wiki, kiasi gani kwa saa kulingana na bei za mashirika ya huko, unaanza lini. Malipo ya kurudi nyuma kwa miaka minne iliyopita bila karatasi ni magumu sana, maana mahakama huchukulia mtoto alisaidia kwa mapenzi. Na hayo malipo ni mshahara. Mtoto aliyepita miaka 21 anayelipwa na mzazi kwa kazi ya nyumbani hukatwa michango ya Social Security na Medicare malipo yakifika kiwango cha mwaka, kilichokuwa dola 2,800 kwa 2025. Kuitana «pesa ya mfukoni» hakubadilishi kitu.

Kazini. California ina CFRA, sheria ya likizo ya familia: mwajiri mwenye wafanyakazi 5 na kuendelea, wewe uwe umefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 katika miezi 12 iliyopita, unapata wiki 12 za likizo bila malipo kumhudumia mzazi, na nafasi yako inalindwa. Si lazima zichukuliwe kwa mkupuo. Unaweza kuchukua Jumanne na Alhamisi tu. Malipo yanatoka sehemu nyingine, PFL, yaani malipo ya likizo ya familia ya EDD, idara ya ajira ya jimbo, wiki 8 ndani ya miezi 12, fomu DE 2501F, uwasilishe kuanzia siku ya kwanza ya likizo na usipite siku ya 41. Watu huchanganya hivi viwili. PFL inalipa lakini hailindi kazi, CFRA inalinda kazi lakini hailipi. Omba vyote, kila kimoja mahali pake. Ile sehemu ya DE 2501F inayosainiwa na mgonjwa, kwa mama yako itasainiwa na msimamizi. Mpelekee kaka fomu zote kwa siku moja, kwa barua pepe, na orodha ya wapi asaini, ili asipate pa kusema hakuziona.

---

bintiwapwani:

Shukran sana, nyote wawili. Nimepata GC-340. Kisanduku cha matibabu kimetiwa alama, cha dimenshia ni kitupu, na cha wageni hakuna kitu. Sasa swali: kwa nini nisiombe mahakama imwondoe kaka moja kwa moja, niteuliwe mimi?

---

Jembe Halimtupi:

Mwondoe. Kifungu 2651 kinaruhusu jamaa yeyote, au hata rafiki, kuomba msimamizi aondolewe. Sababu ziko 2650: kutotumia uangalifu wa kawaida, kutowasilisha orodha ya mali au hesabu, kuwa na maslahi yanayogongana na ya mama. Mtu anayemzuia mama kuonana na ndugu yake wa damu unamwacha vipi?

---

Karani wa Zamani:

Jembe, vifungu ni sahihi, mpangilio ndio nisioukubali.

Mpaka sasa kaka amesema. Hajatenda. Jaji ataletewa ombi la kumwondoa mtu ambaye hajauza, hajahamisha, na orodha ya mali pengine bado iko ndani ya siku 90. Ombi likianguka, kila ombi la dada baadaye litasomwa kwa jicho la «wale ndugu wanaogombana». Kisha kuna hatari ambayo wengi hawaioni: watoto wakiparurana mbele ya jaji, mara nyingi huwa hachagui yeyote kati yao. Anamteua msimamizi wa kitaaluma anayetoza kwa saa, au ofisi ya Public Guardian, msimamizi wa umma wa kaunti. Ada ya wa kwanza inatoka kwenye mali ya mama, pamoja na ya mawakili. Nyumba mnayoigombania ndiyo itakayolipa.

Njia nyepesi ni kifungu 2359. Mtu mwenye maslahi anaomba mahakama itoe maelekezo kwa msimamizi wa mwili juu ya jambo mahususi. Uombe mambo mawili tu: mahakama itamke kwamba mama anaruhusiwa kutembelewa na dada yake, taja siku na saa, tuseme Jumamosi 2:00 p.m. hadi 5:00 p.m.; na kwamba asihamishwe kutoka nyumbani kabla shauri halijasikilizwa. Ambatisha daftari, barua ya daktari kuhusu hali yake akiwa nyumbani, na ujumbe wa simu ambamo kaka aliandika katazo lake. Kama alilisema kwa mdomo, mwandikie leo: «Kaka, nimekuelewa kwamba umekataza mama mdogo asije. Nisahihishe kama nimekosea.» Kimya chake au jibu lake, vyote ni ushahidi.

Akiendelea baada ya amri, hapo ndipo 2650 inapata meno.

Mama naye ana wakili wake, dada. Msimamiwa ana haki ya wakili, na tangu mageuzi yaliyochochewa na kesi ya mwimbaji Britney Spears, iliyofungwa Novemba 2021, anaweza kuwa na wakili anayemtaka mwenyewe, hata kama ubongo umechoka. Jina la wakili huyo limo kwenye faili. Yeye hamtetei kaka wala wewe, anamtetea mama, na akiandika kwamba mama anataka kubaki nyumbani, uzito wake ni mkubwa. Sheria inamtaka msimamizi akubali matakwa ya mama mpaka pale yanapogongana na wajibu wake au gharama isiyobebeka (2113). Kwa hiyo matakwa yenyewe yapate mtu wa kuyasikia.

Hilo linanileta kwenye lugha, na ningeomba ulichukulie kwa uzito. Wazee wengi wenye dimenshia hurudi kwenye lugha ya kwanza. Mama anaweza kuwa aliongea Kiingereza safi miaka 30 na leo hakipati. Daktari wa GC-335 akimuuliza kwa Kiingereza leo ni tarehe gani na rais ni nani, akanyamaza, karatasi itasomeka kana kwamba hakuna kilichobaki. Muulize kwa Kiswahili amezaa watoto wangapi, yupi anakaa naye, angependa kulala wapi leo, utapata majibu. Uwezo si kitu kimoja, na haki hupunguzwa kulingana na kinachokosekana.

Kwa hiyo: jaza INT-300 kuomba mkalimani wa Kiswahili kwa kikao, bure. Mwambie mchunguzi na wakili wa mama mapema kwamba wanahitaji mkalimani wakienda kumwona. Na kaka asitafsiri. Wewe pia usitafsiri. Mwenye upande kwenye kesi akitafsiri, kila neno la mama litatiliwa shaka.

---

Tausi wa Kilifi:

Kuhusu kiwanja. Barua ya usimamizi ya California haimpi kaka nguvu kwenye ofisi ya ardhi Kenya. Msajili wa ardhi hafanyi kazi kwa amri ya San Diego. Ardhi iliyoko Kenya inataka amri ya mahakama ya Kenya, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura 248, inayoruhusu mahakama kumteua meneja wa mali ya mtu asiyeweza kuisimamia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Hata huyo meneja haruhusiwi kuuza, kuweka rehani, kutoa zawadi au kubadilishana ardhi bila ruhusa ya pekee ya mahakama, wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka mitano.

La kuchunga zaidi ni hati ya uwakilishi ya zamani. Kama mama alimsainia kaka, au binamu, au broka wa pale Kilifi, hati ya kumsimamia kiwanja, nguvu yake kwa kawaida hufa mama anapopoteza uwezo wa kuelewa. Shida ni kwamba hati yenyewe haibadiliki rangi. Ikipelekwa kwa mnunuzi inaonekana nzima. Basi mtume mtu afanye upekuzi rasmi wa ardhi kwa namba ya hati miliki, uone jina gani limeandikwa leo na kama kuna rehani au kizuizi, kisha wakili wa huko aandike kwa msajili kueleza hali ya mama. Upekuzi ndio wa kwanza. Usianze kulia kabla ya kujua kama kuna msiba.

---

Mama Shufaa:

Nirudi na moja niliyosahau, kwa sababu kaka wa namna hii husema: «unamtunza ili akuachie nyumba.» California ina dhana ya kisheria kwamba zawadi ya mgonjwa kwa mtunzaji wake imetokana na shinikizo (kifungu 21380). Dhana hiyo haimgusi mtoto, jamaa wa damu wametolewa kwenye 21382. Lakini msipitishe chochote sasa. Mama akiwa chini ya usimamizi, hata uhamisho unaoruhusiwa na Medi-Cal kwa mtoto aliyeishi na kumhudumia mzazi miaka miwili kabla hajaenda makao ya wazee, unahitaji ombi la 2580 na idhini ya jaji. Karatasi ya umiliki iliyosainiwa sebuleni itakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

---

bintiwapwani:

Nimeelewa. Kesho napeleka GC-035. Kaunta ipi, na nakala ngapi?

---

Karani wa Zamani:

Kaunta ya mirathi na usimamizi, usijipange kwenye foleni ya kesi za ndoa. Chukua fomu tatu zilizojazwa sawasawa: moja ya mahakama, moja ya kaka au wakili wake, moja ugongewe muhuri ubaki nayo. Namba ya kesi iandikwe kama ilivyo kwenye GC-340, herufi kwa herufi. Nakala ya kaka itumwe kwa posta kwanza, na anayetuma awe mama mdogo au jirani, maana wewe ni mhusika na huwezi kujithibitishia. Asaini ukurasa wa pili, ndipo uende kaunta.

Na kama GC-079 itafika kabla ya hapo, usiitupe bahasha. Tarehe ya muhuri wa posta ndiyo inayoonyesha zile siku 15 zilianza lini.